Jina la Nezihe Juu ya Jalada

Jumamosi, 4 Oktoba 1969

Kurasa nne tu leo. Mwanangu Asya analia meno. Nimemweka begani, mkono mmoja kitabu, mkono mmoja mgongo wake, macho yanasoma Kituruki, mdomo unasema Kiswahili, na huko nje ukumbini Ami Khalfan anapiga taipureta kwa Kiingereza. Ndivyo tunavyofanya kazi. Mlango nusu wazi. Mie ndani, yeye nje. Bi Moza, mama mkwe wangu, kakaa kizingitini na birika lake la kahawa kama askari wa forodha. Nikifika penye neno la mapenzi anakohoa.

Ami Khalfan ni ami yake Harith, mume wangu. Zamani akipeleka tende Izmir. Akakaa huko miaka, watu wakamtazamia arudi na mali, akarudi na makasha ya vitabu. Sasa ana chumba hapa Mutrah, jirani na Muskat, sokoni, juu ya duka la vitambaa, na kazi yake ni uwakala wa waandishi. Yaani anawatafutia waandishi wa Kituruki wachapishaji wa London na Beirut, ili wasomwe na watu wasiojua hata kama wapo. Lakini Kituruki chake ni cha kupimia tende. Cha vitabu ni changu mie. Bibi yangu mzaa mama aliletwa Unguja kutoka Istanbul akiwa kigoli, na sisi wajukuu hakusema nasi ila lugha yake. Na Waturuki siku hizi wanaandika kwa herufi hizi hizi zetu za skuli. Darasa la sita linanitosha.

Kitabu kinaitwa Chumba cha Tini. Mwandishi wake ni mwanamke, Nezihe Karadut, mwalimu wa kushona huko Izmir. Humo wanawake wanachambua tini ghalani. Mmoja wao anamlaza mwanawe ndani ya sanduku la tini chini ya meza, msimamizi asimwone. Nikifika hapo namtazama Asya, nasahau kusoma. Ami anagonga mlango kidogo. Endelea, mwanangu.

Bi Moza anasema haya ni maneno ya wanawake wasio na kazi. Adhana ya adhuhuri ilimkuta pale pale kizingitini. Hakunyanyuka mpaka yule mwanamke alipomaliza kumnyonyesha mtoto wake.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya hasira ndogo ndogo. Jirani kaniigiza Kiarabu changu mbele ya wenzake, wakacheka. Zinjibariya, yaani mwanamke wa Unguja, hivi ndivyo wanavyoniita. Miaka mitano nipo hapa, bado mgeni. Maji yamekuja na chumvi. Wali umeungua kwa sababu ya maneno ya Kituruki.

Imekuja barua ya Bi Nezihe. Nimemsomea Ami. Anasema kaka yake, Kenan, alitaka kitabu kitoke kwa jina lake yeye Kenan, eti watu watakiheshimu zaidi. Hata wapiga chapa wa Izmir walimtaka akubali. Akakataa. Akakirudisha kitabu nyumbani, akakifungia sandukuni miaka, mpaka akapatikana mmoja wa kukichapa kwa jina lake mwenyewe. Kaka yake mpaka leo hamwamkii vizuri.

Ami akasema, kaka mwenye haya huyo. Nikacheka. Nilidhani anatania.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumemaliza. Ukurasa wa mwisho nimeusoma Asya kalala mapajani. Mwanamke wa tini haachi kazi, hafukuzwi, hafi. Anarudi nyumbani na mwanawe ananuka tini, basi. Bi Moza akauliza, ndo kwisha? Nikamwambia ndo kwisha. Akaondoka na birika lake amenuna.

Mie nimefurahi mpaka nimeona haya. London walishasoma mwanzo wa kitabu wakakipenda, wanangoja sehemu iliyobaki. Ami ataitia posta Jumamosi, atakwenda mwenyewe Muskat. Huyu Bi Nezihe sijapata kumwona, lakini nnamjua kama nilivyomjua bibi yangu. Nnajua anapochoka katikati ya sentensi. Nnajua anapopata hasira, maneno yake yanakuwa mafupi.

Inshaallah.

Jumapili, 23 Novemba

Ramadhani. Baada ya futari Ami kapiga hodi na sahani ya halwa. London wamekubali. Watakichapa.

Nimelia jikoni. Harith kanikuta, akadhani nimeungua. Bi Moza kasema mabrouk kwa mdomo uliokunjwa, kisha akala halwa kuliko sote.

Hapo hapo nimemwandikia Bi Nezihe kwa Kituruki. Kwa haraka wino unaruka. Nimemwambia, kitabu chako kimepata nyumba.

Jumatatu, 24 Novemba

Sijui nianze wapi.

Ami alikuja alasiri, tuandike majibu ya London. Akasema wanataka maneno machache juu ya Bwana Karadut, kazaliwa wapi, kasoma wapi. Nikamuuliza, Bwana yupi, Ami? Akacheka. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa.

"Nimemsitiri, mwanangu. Tangu barua ya kwanza nimeandika K. Karadut. Jina la binti wa watu nilitangaze London, alitie mdomoni kila mlevi? Kaka yake yupo. Jina la kaka linatosha."

Nilifunga mlango. Sijapata kumfungia Ami mlango.

Ndiyo, najua. Ndivyo tunavyoishi. Harith ana marafiki wa forodhani wanaokula naye kila wiki na hakuna ajuaye jina langu. Akinitaja anasema wa nyumbani. Wao nao hawamtajii wake zao. Ni heshima. Sikuwahi kuudhika. Nilidhani ni kama pazia, linakaa pale mlangoni, halimdhuru mtu.

Lakini huyu alikataa! Nilimsomea Ami barua. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilimsomea kwamba alikataa. Yeye akasikia kwamba kaka ana haya.

Jumanne, 25 Novemba

Nimemwambia Harith usiku baada ya tarawehe. Akasikiliza, akakuna kidevu. Ami hakukusudia ubaya, anasema.

Hicho ndicho kinachoniunguza. Angekusudia ubaya ningejua pa kumshika. Mtu anakunyang'anya kwa upole, anakunyang'anya kwa kukuheshimu, utamshika wapi?

Nimemwambia Harith ampelekee Ami habari. Sisomi tena. Wala kitabu wala barua. Kile kitabu cha mwandishi mwengine, bwana wa Trabzon, anachokitaka Ami kifuate, akisome kwa Kituruki chake cha tende.

Harith kasema nimevuka mpaka. Nimevuka.

Jumamosi, 29 Novemba

Ami kaja, kakiweka kitabu cha Trabzon kizingitini, kakaa ukumbini kidogo, kaondoka. Kitabu nimekiacha pale pale. Bi Moza ndiye aliyekiokota, akakifunua juu chini, akatafuta picha. Hakuna picha.

Ananiuliza kinahusu nini. Nikamwambia sijui, sijakisoma. Akasema nyumba imekuwa kimya siku hizi kama nyumba ya eda. Kumbe anataka hadithi. Mwaka mzima kanikohoa, leo anataka hadithi.

Asya katoa jino la tatu. Nimelisahau kwa hasira mpaka aliponing'ata. Akanitazama akinicheka. Mwanangu huyu. Nikamwomba msamaha kwa Kituruki, lugha asiyoifahamu mtu humu ndani.

Alhamisi, 11 Desemba

Idd. Ami kamletea Asya kanzu ya hariri ya kijani. Nimemwamkia kwa heshima zote, shikamoo na Idd mubarak, maana yeye ni ami yetu na siku ni siku. Kisha nikamuuliza, je, umeshawaandikia London?

Akakaa chini. Akanieleza, na leo hakucheka. Wakala hana duka, anasema, hana shamba. Ana neno lake tu. Akiwaambia London jina alilowapa silo, watauliza na mengine gani silo. Kule wanao mawakala wengi, hawana haja na mzee wa Mutrah. Na ana waandishi wengine wawili wanaongojea mlango huo huo. Bwana wa Trabzon ana watoto sita.

Nimeyafikiri maneno yake siku nzima, huku napokea wageni na kumimina kahawa. Si maneno ya upuuzi. Ningependa yangekuwa ya upuuzi.

Bado nna hasira. Zaidi.

Jumatano, 7 Januari 1970

Barua ya Bi Nezihe. Ami hawezi kuisoma peke yake, kaja nayo, kanyoosha mkono mlangoni bila ya kuingia. Nilisema sisomi. Lakini ni mwandiko wake yule, na bahasha nene. Nikaipokea.

Nikaisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kila neno, sikumrukia Ami hata moja. Ana furaha Bi Nezihe. Kawaambia wanafunzi wake wa kushona. Kamwambia Kenan, na Kenan akatoka mezani. Kisha haya, nayanakili hapa nisiyasahau:

"Mama yangu hajui kusoma, lakini nimemfundisha kulitambua jina langu kwa sura yake, kama mtu anavyotambua uso. Kitabu kikija sitamwonyesha. Nitampa mkononi alitafute mwenyewe."

Bi Moza kashika pindo la leso yake analikunja na kulikunjua.

Ami akasema, nitatazama la kufanya. Akaondoka, kahawa hakunywa.

Atatazama. Haya. Nimemwachia.

Jumatatu, 26 Januari

Hakutazama kitu.

Leo imekuja karatasi ya jalada kutoka London, jinsi kitabu kitakavyoonekana. Harith ndiye aliyenionyesha, Ami kampa. Hakuwa na uso wa kunionyesha mwenyewe.

Ngamia. Wamechora ngamia. Ghala la tini Izmir, wanawake, meza, sanduku, na wao wamemtia ngamia na mtende, kwa sababu barua zinatoka Muskat. Harith alicheka, nami nikacheka naye kidogo, siwezi kusema uongo. Kisha nikaona chini ya ngamia. K. KARADUT. Herufi nene kama kidole gumba.

Nikamfikiria yule mama wa Izmir. Anakipokea kitabu, anakigeuza, anatafuta uso anaoujua. Anatafuta. Binti yake kasimama anamtazama.

Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria safi mpaka vidole vikauma. Nnamchukia Ami. Nimeandika. Kesho labda nitakuwa simchukii, lakini leo nnamchukia.

Jumanne, 27 Januari

Nimewaandikia London mwenyewe. Kwa Kiingereza cha darasa la sita. Ilinichukua asubuhi nzima, Asya anatambaa miguuni ananivuta doti. Nimesema kwa maneno mafupi, maana marefu sina. Kitabu hiki ameandika mwanamke. Jina lake ni Nezihe Karadut. Bwana Khalfan si mwongo, alifanya kwa adabu ya kwetu. Tafadhali andikeni jina lake lote.

Chini nikatia jina langu. Sikuona la kutia jengine.

Nimempa Harith apeleke posta Muskat. Akaipokea. Akaitia mfukoni. Akanibusu kichwani. Nikaona kweli nnaye mume.

Jumatatu, 2 Februari

Barua imo mfukoni mwa kanzu yake ya kazini. Nimeikuta nikifua. Imerowa, wino umekuwa moshi.

Siku zote hizi nalala naye, namwekea chakula, namuuliza habari za forodhani, na barua imemlalia kifuani.

Nilimngoja mlangoni na karatasi ile mkononi inachuruzika maji. Hakukana. Alisema alifika mpaka mlango wa posta. Karani wa pale anamjua. Akaona karani ataisoma bahasha, ataona jina la mkewe kwa mwandiko wa mkewe, linakwenda kwa wanaume wa London. Miguu ikakataa.

"Ungeniambia, Baba Asya."

"Niliona haya."

"Kwangu mie huoni haya?"

Akamchukua Asya, akaenda naye uani. Nikamsikia anamwimbia. Anamwimbia vizuri mwanawe, na hilo pia lilinitia hasira, sijui kwa nini. Nilitaka awe mtu mbaya kwa siku moja ili nipumzike.

Jumanne, 3 Februari

Nimekwenda.

Nilivaa buibui asubuhi, nikamfunga Asya mgongoni, nikamwambia Bi Moza nnakwenda afisini kwa Ami. Akaniuliza, sokoni? Peke yako? Juu kwa wanaume? Nikamwambia ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Nikatoka.

Sijafika kona nikasikia viatu nyuma. Bi Moza kajitanda, anahema, ananitukana njia nzima. Kichwa kama cha punda. Mtoto wa watu wasiofunzwa. Angelijua angelimwoza Harith kwa binti wa dada yake wa Sohar, mnene lakini mtiifu. Nikamwambia, rudi basi, Bi mkubwa. Akasema, nirudi watu waseme mke wa mwanangu kapanda ngazi za wanaume peke yake? Tembea.

Tukapita maduka yote ya vitambaa. Watu wakatazama chini kwa adabu. Ngazi ni za mti, nyembamba, Bi Moza kasimama mara mbili kupumua. Juu chumba kidogo kuliko nilivyodhani. Makasha, taipureta, wafanyabiashara wawili na vikombe vya kahawa. Walipotuona walinyanyuka, wakatoka bila ya kututazama.

Ami akasimama. Akapanga kilemba chake. Akaona anapaswa kutukaribisha, akatukaribisha.

Sikukaa. "Ami, Bi Nezihe alikuomba umfunike?"

Akaangalia taipureta yake.

"Hakukuomba. Kaka yake alitaka kumvua kitabu chake, akakataa. Na wewe umekwenda kumkamilishia kaka yake. Umemfanyia adabu mpaka umemwibia."

Neno lile, kwa ami yangu, mbele ya mama mkwe wangu. Nilidhani Bi Moza atanipiga kofi pale pale. Asya mgongoni akanivuta ushungi.

Bi Moza akajikalisha juu ya kasha la vitabu, akajifuta jasho. Akasema:

"Miaka yote hii, Khalfan, umekuwa ukiniita Umm Harith, mama Harith, si Moza, nami naitika, kwa sababu nimetaka. Huyo hakutaka. Kuna taabu gani kufahamu?"

"Nitaharibikiwa, shemegi."

"Utaharibikiwa. Andika."

Ami kajifuta uso. Alikuwa mzee ghafla, na nikamwonea huruma, na huruma haikuniondolea hasira hata kidogo. Zikakaa pamoja. Alisema barua itachelewa, jalada litakuwa limeshapigwa chapa. Telegramu. Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono, akatusomea. Jina kamili, mwanamke, kosa langu. Hakumtaja mtu mwengine. Kosa langu, kasema.

Kurudi, Bi Moza hakunitukana. Kaninunulia ndizi, kampa Asya nusu, nyengine kala mwenyewe.

Jumatano, 4 Februari

Telegramu imekwenda. Harith ndiye aliyeipeleka Muskat. Hakuombwa. Aliondoka alfajiri, akarudi, akaniambia karani kaihesabu maneno na kaituma. Nikamwambia vyema.

Bado sijamsamehe vizuri. Nimempikia lakini.

Jumamosi, 28 Februari

London wamejibu. Ami kaja mwenyewe kuisoma, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili.

Jina litabadilishwa. Jalada halijapigwa bado. Hayo ni mistari miwili. Iliyobaki ni baridi. Wamesikitika. Wametaabika. Kwa hao waandishi wengine wawili hawaoni kwamba wataweza kuendelea na afisi yake. Na kadhalika, kwa maneno laini yenye mwiba.

Ami akaikunja barua. Akasema, alhamdulillahi kwa la kwanza. Hakusema nilikwambia. Ningefurahi angesema, ningepata la kumjibu.

Kumbe alisema kweli. Alichokiogopa ndicho kilichomfika. Na mie ningefanya vile vile tena kesho, ngazi zile zile. Nawakasirikia London sasa. Mtu kawaambia ukweli kwa hiari yake, wamemfungia mlango. Angeendelea na uongo wangemfungulia yote.

Nimemwambia Ami akilete kitabu cha Trabzon. Kama London hawataki, Beirut wapo. Nimesema nikiwa nimekunja uso, asidhani naomba radhi. Akasema atakileta kesho. Bi Moza akasema, mapema, kabla jua halijawa kali.

Jumatatu, 15 Juni

Joto. Hewa haina nafasi. Tumehamishia kazi alfajiri, baada ya sala, na mlango tumeuacha wazi wote maana ukifungwa nusu tunakufa. Ami kakaa ametazama ukutani kwa adabu yake.

Kitabu kimefika. Kimoja changu, kimoja cha afisi, vyake Bi Nezihe vimekwenda moja kwa moja Izmir. Ngamia bado yupo, wamemwacha. Lakini chini yake limeandikwa jina lote, Nezihe Karadut, hakuna herufi iliyofichwa. Nimelisoma taratibu. Bi Moza kakishika kitabu, kakinusa, kakiweka juu ya kabati pamoja na sahani nzuri.

Beirut wameandika. Wanamtaka bwana wa Trabzon kwa Kiarabu. Hawajasema ndiyo, wamesema tutumieni zaidi. Ami kafurahi kwa kujizuia. Siku hizi anajizuia.

Tulipomaliza kurasa za leo hakuondoka. Alikuwa na karatasi ya mbele, ile inayoonyesha kitabu cha nani na nani kakitoa kwenye Kituruki. Jina la bwana wa Trabzon kalipiga. La kwake kalipiga, mwenye kuandika Kiarabu. Kisha akauliza, bado katazama ukuta, nataka mie niandikwe vipi. Au nisiandikwe. Kama nitakavyosema.

Harith alikuwepo, hajaenda kazini, Asya kamkalia gotini. Nilimtazama. Alikuwa anamfunga mwanawe kifungo cha kanzu, akakifunga, akakifungua, akakifunga. Hakunyanyuka kuondoka.

Nilidhani jibu ninalo. Miezi yote hii ningelitoa bila ya kuvuta pumzi. Lakini alipouliza nikaona sikuwahi kuulizwa, na nikataka kukaa nalo kidogo lile swali.

"Ningoje, Ami."

"Nitangoja, mwanangu."

Wameondoka sasa, yeye na Harith, mmoja sokoni mmoja forodhani. Bi Moza kalala. Asya kalala kifuani pangu, jasho lake na langu moja, naandika kwa mkono mmoja.

Nalijaribu jina langu hapa kwanza. Zuwena binti Salim.

Refu kidogo. Nalitazama.